Sikio la Harvey Lillard

Harvey Lillard alikuwa msafishaji wa jengo la Ryan mjini Davenport, jimbo la Iowa, kando ya mto Mississippi. Alikuwa Mmarekani mweusi, na kwa miaka 17 alikuwa kiziwi. Gari la farasi lilipita barabarani asilisikie. Saa ya mfukoni ukimwekea sikioni, kwake ilikuwa kimya.

Katika jengo hilohilo alipanga mganga mmoja mwenye ndevu nyingi, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha shule, amefuga nyuki na kuendesha duka, kisha akageukia tiba ya usumaku wa mwili, yaani kuponya kwa kumpitishia mgonjwa mikono. Palmer alimuuliza Lillard uziwi wake ulianzaje. Akajibiwa kwamba siku moja alikuwa ameinama mahali pafinyu, akajikaza, akahisi kitu kimefyatuka mgongoni. Tangu hapo masikio yakaziba.

Palmer akampapasa mgongo, akakuta pingili moja imejitokeza. Akamshawishi akubali irudishwe, akaisukuma kwa kiganja, na kwa simulizi yake mwenyewe Lillard akaanza kusikia. Tarehe inayotajwa ni 18 Septemba 1895, na wenye taaluma ya kairopraktiki, tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, huiadhimisha hadi leo kuwa siku tiba yao ilipozaliwa.

Hadithi hii nimeisoma mara nyingi, na kila mara nakwama palepale. Mshipa wa fahamu wa kusikia haupiti mgongoni wala shingoni. Unatoka kwenye sikio la ndani na kuingia kwenye ubongo, humohumo ndani ya fuvu. Lillard alitoa ushuhuda wake, ukachapishwa mwaka 1897, akasema amepona. Miaka mingi baadaye binti yake alisimulia vingine: baba yake alikuwa anapiga soga, Palmer akafurahishwa na mzaha, akampiga kitabu mgongoni, na siku chache baadaye baba akajiona anasikia afadhali. Simulizi hizo mbili zinakutana mahali pamoja tu: mkono ulifika mgongoni, mtu akapata nafuu. Kilichoharibu mambo ni maelezo yaliyofuata.

Maana Palmer hakuishia kwa Lillard. Alitangaza kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote ya binadamu husababishwa na pingili zilizosogea na kubana mishipa ya fahamu. Mgonjwa wake mmoja, Mchungaji Samuel Weed, aliitafutia tiba hiyo jina kutoka maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kazi ya mkono. Mwaka 1897 akafungua shule, na miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo akawemo mwanawe, B.J., ambaye baadaye aliinunua na kuivumisha tiba hiyo nchi nzima, mpaka kwa kituo chake cha redio, WOC.

Palmer hata hivyo hakudai kwamba ndiye wa kwanza kunyoosha mgongo wa mtu. Aliandika wazi kuwa kazi hiyo ina maelfu ya miaka. Pale Epsom, Uingereza, katika miaka ya 1730, Sarah Mapp alikuwa akirudisha mabega yaliyoteguka, na matajiri walimfuata. Mwaka 1867 James Paget, daktari mkubwa wa upasuaji wa London, aliwahutubia madaktari wenzake juu ya wagonjwa wanaopona kwa waunga mifupa, akawahimiza wajifunze lililo jema na waache lililo baya. Ushauri huo ungefuatwa, karne iliyofuata ingeepuka ugomvi mwingi.

Na sisi wa pwani tulikuwa na wetu. Bibi yangu, Pangani, alikuwa mchuaji. Watu walifika alfajiri, shikamoo bibi, huyu kateguka kifundo cha mguu, yule kalala vibaya shingo haigeuki. Alipasha mafuta ya nazi kwenye kibakuli cha bati, akayajaribu kwanza nyuma ya kiganja chake, ndipo akaanza kuchua polepole kuelekea panapouma, huku akimtazama mgonjwa usoni, si mguuni. Waliotaka kupigwa chuku aliwapeleka kwa jirani. Siku moja aliletewa kijana aliyeanguka mnazi, hahisi miguu. Bibi hakumgusa. Alisema, "Huyu si wangu, mwanangu, mpelekeni hospitali, na msimkunje njiani."

Palmer hakuwa na mpaka wa namna hiyo, na sheria ikamwandama. Mwaka 1906 alitiwa hatiani kwa kutibu bila leseni, akakataa kulipa faini, akaingia jela. Matabibu wengi wa kairopraktiki walimfuata humo, hasa California. Kansas ilipitisha sheria ya kuwatambua mwaka 1913, mwaka aliofariki Palmer. Louisiana, jimbo la mwisho, ilisubiri hadi 1974. Nao madaktari walivuka mipaka kwa upande wao. Mwaka 1963 chama chao kikuu cha Marekani kiliunda kamati ya kuimaliza kairopraktiki, na maadili yake yakamzuia daktari kushirikiana na matabibu wake. Chester Wilk, tabibu wa kairopraktiki, na wenzake walikwenda mahakamani mwaka 1976. Mwaka 1987 Jaji Susan Getzendanner wa Chicago aliamua kwamba chama hicho kilikula njama kinyume cha sheria.

Ushindi wa mahakamani haukuisahihisha nadharia ya Palmer. Hata ule mlio unaowaridhisha wagonjwa si mfupa unaorudi mahali pake. Ni ndugu wa mlio wa vidole vinapoalika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, wakaona uwazi ukifanyika ghafla kwenye ute wa kiungo.

Kilichobaki imara ni mkono. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali kunyoosha uti wa mgongo na kuchua, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Kiuno ni jambo kubwa: mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiumwa sehemu hiyo. Shingo inataka tahadhari zaidi, kwa sababu, ingawa ni nadra, kuizungusha kwa nguvu kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo.

Mwaka jana kiuno kilinikamata, nikashindwa hata kufunga kamba za viatu. Nilikwenda kwa tabibu wa kairopraktiki, Nairobi. Kwa nusu saa hakunigusa. Aliniuliza kama nina homa, kama nimekonda bila sababu, kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujua. Akanigonga goti kwa kinyundo. Baadaye ndipo aliponilaza ubavu, akanisukuma mara moja, nikasikia mlio, joto likasambaa kiunoni.

"Sasa inuka," akasema, akafungua mlango. "Tembea mpaka getini urudi, nikuone."