Ngozi na Mataruma: Asili ya Sauti katika Iritungu na Gitaa

Katika nchi ya Wakurya, yaani wilaya za Tarime na Serengeti katika Mkoa wa Mara, pamoja na sehemu ile ya Kenya iliyotengwa nazo na mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886, ipo ala ya nyuzi iitwayo iritungu. Umbo lake si geni kwa wachunguzi wa ala za Afrika ya Mashariki. Bakuli kubwa la mti huwambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili ya mti hutoka katika bakuli hilo, ikazidi kuachana kadiri inavyopanda, hata ikafika kwenye mti uliokingama juu yake. Na nyuzi nane hutoka chini ya bakuli, zikapita juu ya daraja lililosimama katika ngozi, zikafungwa katika mti ule wa juu. Mpigaji huketi chini au juu ya kigoda, akazikwanyua nyuzi kwa vidole vya mikono miwili huku akiimba. Sauti yake ni nzito, yenye mngurumo, nayo huwapita ndugu zake wengi wa kaskazini kwa uzito, isipokuwa obokano ya Wagusii ambayo hufanana nayo sana.

Ala hii siku hizi huitwa na wengi "gitaa la kienyeji" au "gitaa la asili". Jina hilo laonekana kuwa halina madhara, kwa kuwa ala zote mbili zina nyuzi, zina mwili wenye uvungu, na hupigwa kwa vidole. Walakini jina hilo humpeleka mchunguzi mahali pasipo. Humfanya aulize katika iritungu maswali yaliyoulizwa na mafundi wa magitaa: mti gani umechongwa, una umri gani, umekaushwaje? Maswali hayo ni mema kwa gitaa, tena hata huko si yote yenye uzito sawa. Kwa iritungu, swali la kwanza ni jingine kabisa.

Yafaa kuanza na gitaa, kwa sababu habari zake zimepimwa na kuandikwa zaidi. Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikikazwa hadi sauti zake, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla; zile za nailoni hufika kama kilo 40. Mzigo huo wote huangukia ubao wa mbele, ambao unene wake ni kama milimita 3 tu. Ubao mnene ungeuhimili mzigo, lakini ungekuwa mzito kutikisika, na gitaa lingekuwa bubu. Ubao mwembamba ungetikisika vizuri, lakini ungebenuka na kupasuka. Hapo ndipo fundi alipoingiza vijiti vya mti mwepesi vilivyogundishwa upande wa ndani wa ubao. Kwa vijiti hivyo Kiswahili kina neno tayari, nalo latoka kwa waundaji wa vyombo vya pwani: ni mataruma, yaani mbavu za ndani zitiazo nguvu jahazi. Taruma la chombo huzuia mbao zisibonyee kwa uzito wa maji. Taruma la gitaa huzuia ubao usiinuke kwa mvuto wa nyuzi. Tofauti ni kwamba taruma la gitaa hufanya kazi ya pili: huchagua sehemu gani ya ubao itikisike kwa uhuru na sehemu gani izuiliwe. Kwa hiyo fundi akilipunguza kwa randa kidogo tu, sauti ya gitaa hubadilika.

Antonio de Torres wa Almería, huko Hispania, aliyeishi kutoka mwaka 1817 hadi 1892, aliyapanga mataruma saba kama mbavu za kipepeo, yakitawanyika kutoka karibu na tundu la sauti. Yeye hakuwa wa kwanza kutumia mpango huo, bali aliukamilisha, na magitaa ya Kihispania yangali yakimfuata. Marekani, mafundi wahamiaji kutoka Ujerumani, miongoni mwao C. F. Martin, walishika mpango mwingine katika miaka ya 1840: mataruma mawili makubwa yaliyopishana kama herufi X. Wakati huo nyuzi zilikuwa bado za utumbo. Nyuzi za chuma zilipoenea katika karne ya 20, mpango ule wa X ndio ulioonekana kuwa na nguvu za kutosha. Kwa maneno mengine, historia ya mataruma ni historia ya nyuzi.

Ama kuhusu mti, ubao wa mbele huhitaji mti mwepesi ulio mgumu kupindika, na kwa kazi hiyo sprusi, ambao ni wa jamii ya misonobari, umetawala kwa karne nyingi. Mita moja ya ujazo ya sprusi mkavu huwa na kilo 400 hadi 450, ilhali ya mpingo hufika kilo 1,200, hata ukitupwa majini huzama. Mpingo basi haufai kwa ubao wa mbele. Hutumiwa mahali penye kusuguliwa na vidole na nyuzi, yaani juu ya shingo na katika daraja. Ndugu zake wa Brazil na India ndio waliosifiwa sana kwa mgongo na mbavu za gitaa, na sifa hizo zimechangia kuimaliza miti yenyewe, hata biashara ya jamii yote hiyo ikawekewa masharti ya kimataifa mwanzoni mwa mwaka 2017. Ala zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa masharti mwaka 2019.

Je, sifa hizo ni za kweli? Torres mwenyewe alitilia shaka. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo ubao wake wa mbele ni wa mti mwema, lakini mgongo na mbavu ni za karatasi ngumu tupu. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba sauti hukaa mbele, si nyuma. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzao walitoa habari za jaribio la namna hiyo: magitaa sita yaliyotofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu tu yalipigwa na wapigaji 52 ambao hawakuweza kuyaona vizuri. Wapigaji hao hawakuuona mti wa thamani kuwa bora kuliko mti wa bei ndogo. Miaka zaidi ya 150 ilipita kabla ya fundi wa Almería kupata mashahidi wa kutosha.

Sasa iritungu. Ndani ya bakuli lake hamna taruma hata moja, wala halihitajiki. Nyuzi zake ni ndefu, nazo hazikazwi sana. Ndiyo sababu sauti yake ni nzito, kwa kuwa uzi ukirefushwa au ukilegezwa, sauti yake hushuka. Mvuto wa nyuzi ukiwa mdogo, mikono miwili na mti wa juu hutosha kuuchukua. Na kinachotikisika si ubao, bali ngozi. Ngozi haina ugumu wake yenyewe kama ubao. Ugumu wake wote hutokana na kuwambwa. Ile kazi ambayo katika gitaa hugawanywa kati ya sprusi na mataruma, katika iritungu hufanywa na mwambo peke yake: jinsi ngozi ilivyovutwa ikiwa mbichi, ilivyofungwa ukingoni, ilivyokauka, na jinsi daraja linavyoikandamiza. Bakuli liko mahali pa mgongo na mbavu za gitaa. Ukubwa wa uvungu wake una maana sana, kwa sababu hewa iliyomo ndiyo iitikiayo sauti nzito. Jina la mti wake lina maana ndogo zaidi, mradi mti uchongeke wala usipasuke ukikauka. Gitaa la karatasi la Torres lingetosha kuwaambia wachunguzi wa iritungu jambo hilo.

Tena ngozi hunywa maji ya hewani. Wakati wa masika hulegea, sauti ikafifia; wakati wa kiangazi hukaza. Milima ya Tarime hupata mvua nyingi kuliko mbuga za Serengeti, hivyo ala moja ikichukuliwa kutoka upande mmoja hadi mwingine haiwezi kubaki na sauti ile ile. Gitaa nalo huathiriwa na unyevu, lakini fundi wake hujitahidi kuushinda kwa vanishi na gundi. Mpigaji wa iritungu hana vanishi. Humbidi kuijua hali ya hewa kama mkulima aijuavyo.

Kutokana na hayo latokea jambo zito kwa mwandishi wa historia. Ubao wa Torres bado upo, na mtu aweza kupima leo unene ule ule alioupima yeye. Ngozi ya iritungu hupasuka, huliwa na wadudu, huvuliwa na kuwambwa nyingine. Ala iliyotundikwa katika jumba la makumbusho miaka hamsini haina tena sauti aliyoijua mpigaji wake. Bakuli limesalia, na bakuli ndilo lisemalo machache. Basi historia ya sauti ya iritungu haiwezi kupatikana katika vitu peke yake. Imo katika desturi za mikono na katika maneno ya wenye kazi: neno la ngozi iliyo tayari kuwambwa, neno la mkazo uliozidi, neno la mngurumo mwema na la mngurumo mbaya. Maneno hayo yakipotea, hakuna ala ya zamani itakayoyarudisha.

Majina yenyewe ya ala yatoa mfano wa thamani ya maneno, na pia wa hatari yake. Kikurya husema iritungu, wingi wake amatungu. Wabukusu wa karibu na Mlima Elgon huiita ala yao litungu, nayo ni ndogo zaidi, aghalabu yenye nyuzi saba. Viambishi ni vya ngeli moja, na r ya Kikurya yalingana na l ya Kibukusu. Lakini Wagusii, ambao lugha yao ni jirani na ndugu wa karibu wa Kikurya, na ambao ala yao ndiyo ifananayo kabisa na iritungu, husema obokano. Jina na kitu, basi, havikusafiri njia moja. Na mwenye kutaka kuliunganisha shina -tungu na kitenzi cha Kiswahili "tunga", kwa kuwa mtu hutunga shanga katika uzi na hutunga nyimbo vile vile, apaswa kujizuia. Mfanano mtamu si ushahidi.

Nyuzi nazo zimebadilika. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe; siku hizi aghalabu ni nailoni ya wavuvi. Jambo la ajabu ni kwamba gitaa la Kihispania lilipata mabadiliko hayo hayo karibu wakati mmoja. Katika Vita vya Pili vya Dunia utumbo ulihitajiwa kwa kushonea majeraha, na katika miaka ya 1940 Albert Augustine wa New York, akisaidiwa na mpigaji Andrés Segovia, alitengeneza nyuzi za nailoni. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea katika Ziwa Viktoria, na uzi huo ukapatikana kwa urahisi kandokando ya ziwa. Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo; uzi wa unene ule ule, wenye urefu na mkazo ule ule, hutoa sauti ya juu zaidi kwa karibu nusu toni. Katika gitaa tofauti hiyo ilisahihishwa kiwandani kwa kuongeza unene wa uzi. Katika iritungu husahihishwa na mpigaji mwenyewe, kwa sikio, kwa kulegeza zaidi au kwa kuchagua uzi mnene. Uzi wa nailoni ni laini na sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, haukatiki upesi. Ni faida kubwa, ila sauti ya kano iliyosokotwa kwa mkono, yenye mikwaruzo yake, haimo ndani yake.

Gitaa lilifika pia katika nchi hii, na habari zake haziwezi kutenganishwa na za Wajaluo wa Rorya, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi mwaka 2007. Ala yao ni nyatiti, yenye nyuzi nane, ambamo mti una kazi asiyo nayo katika gitaa: mpigaji huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu, akagonga nayo mkono wa ala kuwa ngoma. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa karibu na Shirati mwaka 1940 na kufariki mwaka 2006, alivuka mpaka kwenda Kenya akaongoza bendi ya Shirati Jazz, mojawapo ya bendi kuu za benga. Katika benga mwenendo wa vidole vya nyatiti wasikika wazi katika nyuzi za gitaa. Lakini gitaa hilo ni la umeme: sumaku huupokea mtikisiko wa uzi wenyewe, wala haingoji ubao wala ngozi. Tuni zilihama, mvumo wa ngozi haukuhama, kwa kuwa haukuwa na mahali pa kuhamia.

Kiswahili chenyewe bado hakijaiweka ala hii mahali pake. Watafsiri wa Biblia ya mwaka 1952 walimpa Daudi kinubi, na ala ya Kiebrania iliyokusudiwa ilikuwa ya jamii hii ya mikono miwili; walakini msomaji wa leo akisikia kinubi hufikiri ala ya pembe tatu isiyo na ngozi, na zeze limebebeshwa karibu kila kitu chenye uzi. Neno iritungu lastahili kuingia kamusini kwa umbo lake, likipatana kama maneno ya li-ya, na maelezo yake yaanze na ngozi, kisha nyuzi, kisha bakuli.