Chama cha Wazazi, Kisumu

Chama cha Wazazi ni jumuiya ya kila shule ya serikali nchini Kenya, ikiwamo ya Kisumu na mwambao wa Ziwa Viktoria, inayowaunganisha wazazi wote wenye wanafunzi shuleni pamoja na mwakilishi wa walimu, kwa maslahi ya elimu ya watoto. Asili yake ni jumuiya za zamani za wazazi na walimu zilizojenga madarasa kwa michango ya harambee. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaiweka upya kwa jina hili.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kamati tendaji huwa na wawakilishi wa wazazi waliochaguliwa kutoka kila darasa na walimu wawili, nayo humchagua mwenyekiti na wajumbe wawili wanaoingia katika Bodi ya Usimamizi ya shule. Kazi zake ni kuhimiza afya na lishe ya wanafunzi, kusimamia ujenzi, kusaidia nasaha na nidhamu, na kupendekeza michango. Katika uwanda wa Kano, ambako mafuriko ya mto Nyando aghalabu huharibu madarasa na vyoo, ukarabati ni jambo zito la mashauri yake.

Hata hivyo, mchango wowote hauna budi kuidhinishwa na serikali na kutolewa stakabadhi rasmi, wala mtoto hazuiwi kuhudhuria masomo kwa kutoulipa.