Barafu ya Rwenzori inarudi nyuma: je, mito itakauka?

Rwenzori iko kwenye mupaka wa Congo na Uganda, upande wa Beni katika Kivu ya Kaskazini. Kilele chake, Margherita, kina meta 5109. Katika Afrika, Kilimanjaro na mulima Kenya tu ndiyo inakipita. Hata kama ekweta iko karibu, kule juu barafu inakaa mwaka muzima, na ni hiyo inavuta watalii toka mbali.

Barafu hiyo inatembea. Theluji inaanguka, inalundikana, uzito wake unaifinya mpaka inakuwa barafu ngumu, kisha inateremuka polepole. Kule chini inayeyuka. Kama ile inayoyeyuka inapita ile inayoongezeka juu, mwisho wake unarudi nyuma.

Mwaka wa 1906, wakati Luigi Amedeo, wa ukoo wa wafalme wa Italia, alifika kileleni na wenzake, barafu ilifunika karibu kilometa za mraba 7 na nusu, juu ya milima sita. Mwaka wa 2003 ilibaki karibu kilometa ya mraba 1. Leo, karibu yote iliyobaki iko kwenye mulima Stanley. Chanzo kikubwa ni joto linalopanda duniani pote juu ya moshi wa petroli na makaa ya mawe.

Upande wa Congo, njia inaanzia Mutwanga na kupita Kalonge, Mahangu na Kiondo, ndani ya mbuga ya Virunga. Juu ya ukosefu wa usalama, wageni wengi wanapandia Uganda. Pale ambapo watu wa zamani walikanyaga barafu, sasa kuna mawe matupu yenye utelezi.

Je, barafu ikiisha, mito itakauka? Hapana. Wachunguzi waliopima muto Mubuku, Uganda, walikuta barafu inaleta chini ya asilimia 2 ya maji yanayofika chini ya mulima. Mengine yanatoka kwa mvua: pori na udongo wenye majimaji wa kule juu vinayashika, vinayaachilia kidogo kidogo.

Kwa hiyo, barafu hakuna mutu wa Mutwanga anaweza kuirudisha. Lakini miti ikikatwa ovyo kwa makala na mashamba, mvua itateremuka mara moja na udongo, na kiangazi kitakuta mito imepunguka. Pori ndilo linaloweza kulindwa.