Servo: mota ndogo yenye shaba ndani

Wasikilizaji wa Likasi, na ninyi familia mliokimbia kwenu na sasa mnaishi pamoja nasi, leo tunazungumza juu ya kitu kidogo ambacho watoto wanakikuta ndani ya vichezeo vilivyoharibika: mota inayoitwa servo. Wengi wanaitupa, lakini historia yake inatuhusu.

Jina lilitoka Ufaransa. Katika miaka ya 1860 na 1870, injinia Joseph Farcot alitengeneza mashine ya mvuke ya kugeuza usukani wa meli kubwa. Mtu aligeuza gurudumu kidogo tu. Mashine ikasukuma usukani mzito mpaka pale alipotaka, halafu ikasimama. Mwaka 1873 alitoa kitabu juu yake, akaiita servo-moteur, ni kusema mota inayotumikia.

Servo ya leo inafanya vile vile, hata ile ya gramu 9. Ndani mna mota ya umeme, gia ndogo, na kifaa cha kupima mkono wake umefika wapi. Mota ya kawaida inazunguka tu. Servo inaenda mpaka pembe iliyoamriwa, inakaa hapo.

Sasa tuje kwetu. Nyaya zilizozungushwa ndani ya mota ni za shaba. Hapa Shituru, Union Minière ilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka 1966, na mwaka 1967 kampuni ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ikachukua kazi. Miaka yote hiyo shaba inaondoka ikiwa sahani, inarudi ikiwa kitu cha kununua.

Na si shaba peke yake iliyoondoka. Mwaka 1992, maelfu ya familia za Kasai zilifukuzwa, zikalala kwenye gare yetu zikingojea treni. Kati yao walikuwa mafundi na walimu. Walipoenda, ujuzi wao ulienda nao, na mji ulipata hasara. Aliyekimbia anaacha nyumba, lakini ufundi wake anatembea nao. Basi mgeni akifika mtaani, tumuulize pia: unajua kazi gani?

Kwamba Wakongomani wanaweza, tumeshaona. Mwaka 2013 injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka maroboti ya kuongoza magari barabarani Kinshasa. Yalikuwa ya aluminiamu, yakitumia umeme wa jua. Roboti liliinua mkono, magari yakasimama.

Mtoto wetu anayetengeneza motokari ya waya ameshaanza njia hiyo. Akipata servo, asiitupe. Kwa kawaida ina nyaya tatu: nyekundu ni chanya, nyeusi au kahawia ni hasi, na ya machungwa, njano au nyeupe inaleta amri. Zile ndogo zinataka volti 5 hivi. Betri ya gari ya volti 12 itaziunguza. Nyaya mbili za umeme peke yake hazitoshi kuiongoza: bila amri, mkono hauendi unakotaka. Mpelekeeni fundi wa redio wa mtaani amwonyeshe.

Na wewe fundi uliyefika juzi na huna kazi, waite watoto wawili watatu, mkae chini ya mwembe, mfungue servo moja pamoja. Mji uliopoteza mafundi mara moja usiwapoteze tena wakiwa ndani yake.