Hofu ya Mwanamke Kuongoza: Si Maumbile, ni Historia

Katika mikutano ya matawi na vijiji mara nyingi tunaona jambo moja. Akina mama wamejaa, lakini wameketi nyuma. Majina ya wagombea yanapopendekezwa, mama anayetajwa hutikisa kichwa na kusema, "Mimi sitaweza." Baadhi ya ndugu zetu huondoka hapo wakidai kwamba wanawake wenyewe hawautaki uongozi. Huo ni uchambuzi wa juu juu. Kada hana budi kuuliza: hiyo "sitaweza" imetoka wapi?

Chanzo cha hofu

Historia yetu inakataa kwamba mwanamke alizaliwa na hofu ya kuongoza. Nduna Mkomanile wa Ungoni alikuwa miongoni mwa viongozi wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906. Hata hivyo, hatusemi kwamba unyonge wa mwanamke ulianzishwa na wakoloni. Mila nyingi zilikuwa zimekwisha kumweka chini ya amri ya baba, kisha ya mume. Ukoloni uliukuta unyonge huo, ukautumia na kuupiga muhuri. Machifu na makarani waliotambuliwa walikuwa karibu wote wanaume. Wasichana wachache waliopelekwa shule walifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Ndipo kasumba ikaingia nafsini: mwanamke akajifunza kujikataza mwenyewe kabla hajakatazwa na mtu.

Funzo la mwaka 1955

Mwaka 1955 John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, aliuliza wanawake wako wapi. Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa kazi ya kuongoza sehemu ya wanawake, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam wakawa na kadi.

Wanawake hao walikuwa akina nani? Wengi hawakuwa wasomi. Walikuwa akina mama wa mjini wenye kisomo kidogo, wengi wao Waislamu, wauza maandazi na vitumbua, na baadhi yao walikuwa wameachika. Wake wa makarani walisitasita, na walikuwa na sababu: serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake siasa, na kazi ya mume ilikuwa hatarini. Lakini sababu ya ndani zaidi ni hii. Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Vikundi vya namna hiyo vilikuwa na viongozi wanawake, michango, na desturi ya kusaidiana katika harusi na misiba. Mwanamke aliyezoea kukusanya fedha za wenzake na kuimba mbele ya umati hakuliona jukwaa la siasa kuwa jambo geni. Hakungoja ajiamini ndipo aongoze. Kujiamini kwake kulitokana na kuongoza.

Tujikosoe

Baada ya Uhuru, UWT iliundwa mwaka 1962. Lakini mahali pengi tuliwarudisha akina mama kwenye kupikia wageni na kushangilia viongozi. Mwaka 1967, katika "Ujamaa Vijijini", Mwalimu Nyerere alikiri kwamba wanawake walibeba kazi kupita sehemu yao ya haki. Mzigo huo haukumwachia mwanamke nafasi ya kujizoeza uongozi.

Hatua zimepigwa. Mwaka 1985 Bunge lilikuwa na viti 15 vya wanawake, na baadaye viliongezwa. Mwaka 2010 Anna Makinda akawa Spika. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan akaapishwa kuwa Rais. Hoja ya uwezo imekwisha. Lakini mfano wa Ikulu peke yake haumwondolei hofu mama wa kijijini anayejua kwamba akirudi usiku kutoka mkutanoni ataitwa mhuni.

Kwa hiyo hotuba za kumtaka mwanamke "ajiamini" hazitoshi. Tumkabidhi hazina ya tawi. Tumpe zamu ya kuongoza kikao. Tupange mikutano saa ambazo hayuko kisimani wala jikoni, na baba abaki na mtoto. Anayemkashifu mwanamke kwa sababu ya uongozi ahesabiwe kuwa amevunja nidhamu ya Chama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kiongozi naye hukua kwa kazi anayokabidhiwa.