Sevilla, Mto Mkubwa na Barua ya Buthayna



Kila msimu wa harusi ukikaribia, bi harusi huulizana fungate ya Ulaya iwe wapi, na Sevilla ya Hispania haikosi kutajwa. Mkienda katikati ya kiangazi, jueni jua la huko si la mchezo. Joto hupita nyuzi 40, mchana wenyeji hujifungia ndani, na mji huchangamka jioni. Mwishoni mwa Juni Magharibi huingia karibu saa nne kasorobo usiku! Basi jua likishapoa, shukeni mtoni.

Mto wenyewe ni Guadalquivir. Litamkeni jina polepole, mtasikia Kiarabu ndani yake: al-Wadi al-Kabir, mto mkubwa. Mji uliitwa Ishbiliya, na Waislamu waliutawala tangu 712 hadi 1248. Giralda, mnara ambao leo una kengele, ulikuwa mnara wa msikiti, ukamalizika 1198.

Ila mimi nikiusikia mto huo humkumbuka Rumaykiyya, aliyeishi hapo kabla hata mnara haujajengwa. Husimuliwa kwamba al-Mu'tamid, aliyekuja kuwa mfalme wa Ishbiliya, alikuwa akitembea ukingoni na rafiki yake, mshairi Ibn Ammar. Upepo ukakunja maji yakawa kama deraya ya chuma. Al-Mu'tamid akatunga nusu ya ubeti, akamtaka mwenziwe amalizie, mwenziwe akakwama. Kijakazi aliyekuwa akifua nguo pale pale akaumalizia. Akamnunua kwa bwana wake, akamwoa.

Alimdekeza! Siku moja mke aliwaona wanawake wakikanyaga tope, naye akatamani. Mume akaamuru akorogewe tope la miski, kafuri na marashi mawaridi, akalikanyaga na binti zake. (Sisi wa udi na marashi, hesabu ya gharama tunaijua.) Baadaye, katika ugomvi, akamwambia mumewe hajaona jema kwake hata siku moja. Mume akamuuliza: hata siku ya tope? Akaona haya, akaomba radhi.

Mwaka 1091 jeshi la Yusuf ibn Tashfin, ambaye miaka michache nyuma al-Mu'tamid mwenyewe alimwita kuja kumsaidia, likauteka mji. Mfalme na ahali yake wakapakiwa majahazini kwenye mto ule ule, watu wakilia kingo zote mbili. Wakapelekwa Aghmat, karibu na Marrakesh. Huko mabinti wa mfalme walisokota sufi kwa ujira.

Binti mmoja, Buthayna, hakufika nao. Alitekwa kasri lilipovamiwa, akauzwa bila mnunuzi kujua ni nani. Mfanyabiashara wa Ishbiliya akamnunua, akampa mwanawe. Kijana alipomwendea, Buthayna akajitambulisha na kukataa katakata: hapana mpaka iwe ndoa, na baba yangu aridhie. Fikirini, mtumwa aliyenunuliwa kwa pesa, hana ndugu wa kumsemea, anadai walii wake aliye kifungoni ng'ambo ya bahari. Na wale watu wakamkubalia. Akaandika barua kwa mashairi, akaeleza yaliyompata na kijana alivyo, akaomba idhini.

Wazazi walikuwa hawajui kama mtoto wao yu hai. Jibu likarudi kutoka Aghmat: baba ameridhia, na anamuusia amtendee mumewe wema.