Kutoka Daftari hadi Ukokotoaji: Historia ya Kutafuta Mahali pa Data katika Hifadhi za Kompyuta Nyingi

Faili inapokatwa vipande na kusambazwa katika mamia ya diski, swali la mahali ilipo huwa zito. Diski ikiharibika, msimamizi hana budi kujua ni data ipi imo hatarini. Historia ya swali hili inadhihirisha njia mbili za kulijibu.

Njia ya kwanza ni ya daftari. Mwaka 2003, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung walieleza muundo wa Google File System. Faili iligawanywa katika vipande vya megabaiti 64, na kila kipande kwa kawaida kilikuwa na nakala tatu. Seva kuu moja ilitunza orodha ya vipande vya kila faili. Hata hivyo, haikuhifadhi kwa kudumu mahali pa nakala. Kila ilipowashwa, iliziuliza seva za hifadhi zilikuwa na vipande vipi. Hoja ya wabunifu ilikuwa kwamba seva yenye diski ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu kilichomo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ukubwa wa hifadhi ulifungamana na uwezo wa seva moja.

Njia ya pili ni ya ukokotoaji. Mwaka 2006, Sage Weil na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, waliwasilisha mfumo wa Ceph na kanuni yake ya CRUSH. Jina la kipande, linalotokana na namba ya faili na nafasi ya kipande ndani yake, hukokotolewa kuwa namba ya kundi. Kundi hilo, likiunganishwa na ramani ya diski, hutoa orodha ya diski husika. Yeyote mwenye ramani ileile hupata jibu lilelile bila kuuliza.

Ukokotoaji, hata hivyo, huonyesha mahali data inapopaswa kuwa, wala hauthibitishi kwamba imo. Aidha, hauendi kinyumenyume: nakala zote za kundi zikipotea, namba ya kundi pekee haitaji faili zilizoathirika. Msimamizi hulazimika kupitia orodha ya faili na kukokotoa upya moja baada ya nyingine. Kwa hiyo, haja ya daftari haikuondolewa. Iliahirishwa hadi siku ya hasara.